Schnitzer ni Mchongaji. Mpagazi ni Nani?

Wapenzi wa lugha, nina ugomvi nanyi, na sitauficha nyuma ya salamu ndefu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma tungo za malenga wetu wa leo juu ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Nyingine ni tungo nzuri, vina vimetulia na mizani imetimia. Lakini katika nyingi mno neno "mpagazi" limewekwa mahali pa "mtumwa", kana kwamba ni neno lilelile lililobadilishwa vazi ili mizani itoshe. Mpagazi anafungwa minyororo, mpagazi anachapwa, mpagazi anauzwa sokoni. Hata nathari haijasalimika: insha za wanafunzi, vijitabu vya kuwaongoza wageni, hotuba za siku za kumbukumbu. Mpagazi amekuwa mtumwa kwa kurudiarudiwa tu, wala hakuna aliyetoa hoja.

Mimi nasema mpagazi si mtumwa. Historia inasema hivyo, na kabla ya historia kusema, sarufi ya Kiswahili ilikwisha kusema. Naomba msomaji anivumilie nikianzia mbali kidogo, kwa Mjerumani mmoja na jina la ukoo wake, kwa sababu jina hilo litatusaidia kuona kile ambacho kwetu tumekizoea mno hata hatukioni.

Mwaka 1890 alifika Tabora mtu mfupi, mwenye macho yasiyoona mbali na miwani isiyobanduka usoni, akapandisha hapo bendera ya Ujerumani. Wakubwa wake hawakuwa wamemtuma kufanya hivyo, na hawakufurahi. Dunia ilimjua kwa jina la Emin Pasha. Alikuwa amewahi kuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria kusini mwa Sudan, ndiye yule ambaye Stanley alivuka Kongo kumwokoa, wakafika Bagamoyo pamoja mwishoni mwa 1889. Lakini Emin ni jina alilojivika mwenyewe alipokuwa akiishi katika dola ya Waturuki, na maana yake ni mwaminifu. Mzizi wake ndio uliotupa sisi "amini" na "amana". Jina alilozaliwa nalo mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, lilikuwa Eduard Schnitzer.

Schnitzer ni nani? Kwa Kijerumani, schnitzen ni kuchonga mti kwa kisu. Weka kiambishi tamati -er nawe unampata mtendaji: Schnitzer, mchongaji. Kitenzi hicho ni mtoto wa kitenzi kingine, schneiden, kukata, ambacho nacho kimezaa Schneider, jina la mshoni wa nguo. Wajerumani walimtazama mshoni wakaona mkasi, sisi tulimtazama tukaona sindano. Kwa hiyo mshoni na mchongaji wa Ujerumani ni ndugu wa mzizi mmoja, mmoja anakata kitambaa na mwingine anakata mti. Na ile nyama ya kipande chembamba iitwayo schnitzel, ambayo hoteli zetu kubwa huiuza kwa bei ya kutisha, ni binamu yao. Nitaongeza jambo moja kwa ajili ya wanaopenda visa vya maneno: katika Kijerumani cha leo schnitzer ni pia kosa la kizembe, ulimi au kalamu iliyoteleza kama kisu kinavyomteleza mchongaji.

Jambo la kuangalia ni kwamba Eduard Schnitzer hakuchonga hata mwiko. Alikuwa daktari aliyesomea Breslau, Königsberg na Berlin, na shauku yake ilikuwa kukusanya ndege na kuwaandikia maelezo. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na Wayahudi wa ufalme wa Prussia walitakiwa na amri ya mwaka 1812 kuwa na majina ya ukoo yasiyobadilika. Jina likishakufungwa hivyo, kazi inaweza kufa nalo likabaki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Wajerumani wote. Majina ya ukoo yanayoongoza kwa wingi Ujerumani hadi leo ni Müller, Schmidt, Schneider na Fischer: msaga nafaka, mhunzi, mshoni, mvuvi. Vinu vya maji vimenyamaza zamani, lakini Müller yupo, anaendesha treni au anafundisha hesabu, na hakuna anayemcheka kwamba babu wa babu yake alipakaa unga.

Tazameni sasa orodha ya Wajerumani tuliokaririshwa darasani. Gustav Fischer, aliyepita Umasaini hadi Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1880, ni Bwana Mvuvi. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, ana jina la msimamizi wa mashamba ya bwana mkubwa. Kwa Kiswahili cha misafara msimamizi wa namna hiyo tungemwita mnyapara. Basi Bwana Mnyapara ndiye aliyepanda Kilimanjaro, na nyuma yake walipanda watu waliobeba mahema yake na chakula chake, ambao majina yao watoto wetu hawakufundishwa.

Nimewasikia walimu wenzangu wakisema kwamba majina ya Wazungu hayana maana, ni majina tu, na kwamba ni sisi Waafrika peke yetu tunaoita watoto kwa maana. Hili nalo lifutwe. Majina yao yamejaa jasho, nyundo na unga. Tofauti ni kwamba wao wameyasahau huku wakiyaheshimu, na sisi ya kwetu tumeyasahau na heshima yake pia.

Maana hata sisi tunayo. Wapare wanao ukoo wa Washana, ambao walikuwa wafua chuma wa Ugweno. Profesa Isaria Kimambo aliieleza habari yao katika historia yake ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, na namna walivyokuwa na nguvu kabla ya Wasuya kuwapindua. Leo Mshana ni jina la mwisho la mhasibu, la muuguzi, la mchungaji wa kanisa. Pande za Geita na Biharamulo wako Warongo, waliojulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma kiasi kwamba kazi na watu vikawa na jina moja. Majembe ya pande hizo yalilima Unyamwezi. Wahindi walipokuja na ufundi wao wa dhahabu walituletea neno "sonara", nasi tukalipokea bila kuuliza. Kwa hiyo jina la kazi kuwa jina la watu si zawadi ya Mzungu.

Sasa tuje kwa mpagazi, na tuanze na umbo lake.

Kiswahili kina njia kadhaa za kumtaja mtu kwa tendo. Njia ya kwanza humaliza kwa -a na hudai kikamilisho: mfua chuma, mpiga ngoma, mshona viatu. Ukisema "mfua" ukanyamaza, msikilizaji atakuuliza anafua nini. Njia ya pili humaliza kwa -i, na hii husimama peke yake kwa miguu yake. Humo ndimo yanamoingia majina ya kazi zilizokomaa, na humo konsonanti hubadilika kwa utaratibu unaopendeza: pika humpa mpishi, andika humpa mwandishi, jenga humpa mjenzi, finyanga humpa mfinyanzi. Hata aka, kitenzi cha zamani cha kujenga kwa mawe ambacho vijana hawakijui tena, kimetuachia mwashi, k ikigeuka sh vilevile kama katika mpishi. Kitenzi kimezeeka, fundi amebaki. Müller wa Kiswahili huyo.

Ndani ya njia hiyo ya pili kuna kundi dogo la vitenzi ambavyo mwishoni vina irabu mbili zinazofuatana. Zamani kati ya irabu hizo palikuwa na l, ambayo Kiswahili cha pwani kiliimeza. Lugha za bara bado zinayo, na ndiyo maana Msukuma husema kwikala pale Mswahili anaposema kukaa. L hiyo iliyomezwa haikupotea kabisa. Mtendaji akitajwa, hurudi ikiwa z. Kaa, mkazi. Zaa, mzazi. Lea, mlezi. Nyoa, kinyozi. Okoa, mwokozi. Komboa, mkombozi. Tetea, mtetezi. Chukua, mchukuzi.

Na pagaa, mpagazi.

Pagaa ni kuchukua mzigo begani. Leo tunakikuta kitenzi hicho zaidi katika "kupagawa", pale pepo anapompanda mtu akawa kama mzigo juu yake au yeye akawa chombo cha huyo pepo, lakini maana ya bega ndiyo iliyompa mtu wa njia ya Tabora jina lake. Jina hilo limejengwa kwa kiunzi kilekile kilichomjenga mzazi na mkombozi. Ni jina la mtu atendaye.

Mtumwa je? Tuma, tumwa, mtumwa: aliyetumwa. Ile -w- ni ya kutendwa, ndiyo hiyohiyo iliyo katika mfungwa, mshtakiwa na mpendwa. Lugha ilipomtaja mtumwa ilisema waziwazi kwamba huyu ametendwa, mwendo wake umo katika kauli ya mwingine. Wazee waliounda maneno haya waliishi na mambo haya mawili mbele ya macho yao, utumwa na upagazi, barabara moja na mara nyingine msafara mmoja. Wakayapa maumbo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi. Sisi, tusiopata kuona hata kimoja, ndio tunaojitia kuyaunganisha!

Najua nitatupiwa mifano ya kunitega. Mtu atasema: mbona "mpenzi" ni yule anayependwa, na umbo lake ni la -zi? Jibu ni kwamba mpenzi wa lugha ni mtu aipendaye lugha, na mpenzi wa mpira ni mtu aupendaye mpira; kati ya wapenzi wawili pendo huenda pande zote, kwa hiyo neno limetosha kwa wote wawili. Atakayetaka kutendwa tupu analo "mpendwa". Mwingine atasema: na "mjakazi"? Huyo si wa kundi hili hata kidogo. Ni mja, na -kazi yake ni ile ya zamani yenye maana ya uke. Mwingine atanikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha Tabora, aliitwa Mchonga, naye hakuchonga bali alichongwa meno. Kweli, lakini hilo ni jina la utani lililomezwa kikamilisho chake, na utani haujapata kutii sarufi tangu dunia iumbwe.

Anayebaki na shaka basi na alitazame neno "mchukuzi", ambalo ni pacha wa mpagazi kwa umbo na kwa maana. Serikali yetu inayo Wizara ya Uchukuzi. Sijapata kusikia mbunge akilalamika kwamba tumeanzisha wizara ya utumwa.

Historia nayo imesimama upande huohuo. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora yenyewe, Novemba 1857, hakuwa mtu wa kuwapamba Waafrika; ukurasa wake mmoja unatosha kukuharibia siku. Hata hivyo ndiye aliyeandika kwamba Wanyamwezi waliuhesabu upagazi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wadogo walizoezwa kwa kubebeshwa vipande vidogo vya pembe. Mwanahistoria Stephen Rockel alitoa kitabu kizima juu ya watu hawa mwaka 2006, na hoja yake kubwa ni kwamba wengi wa wapagazi wa njia ya kati walikuwa wafanyakazi wa kulipwa, wenye mila za kazi yao, heshima ya kazi yao na namna zao za kumkabili tajiri.

Fikirini kazi yenyewe ilivyokuwa. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu ya huo mtu aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Pembe kubwa iliwekwa begani, nyuzi za shanga zilifungwa mafurushi, na robota za merikani na kaniki zilikazwa kwa kamba hata zikawa ngumu kama gogo. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa mavazi ya kumtofautisha, naye hakupitwa na mtu njiani. Mizigo haikugawanywa ovyo, kulikuwa na waliojulikana kwa pembe na waliojulikana kwa nguo. Malipo yalipatanwa kabla ya safari, kwa nguo au kwa riale, na chakula cha kila siku kilikuwa haki inayodaiwa, iliyoitwa posho. Posho isipotoka, msafara hauondoki. Wanaodhani kugoma kulikuja na reli wangesoma malalamiko ya wasafiri wa Kizungu, yanavyorudi kila baada ya kurasa chache: wapagazi wamekataa kunyanyua mizigo, wapagazi wamedai nyongeza, wapagazi wameondoka usiku. Stanley mwaka 1871, pamoja na fedha zote za gazeti lake la Marekani, alikaa Bagamoyo akisubiri wapagazi wapatikane. Na mvua za kupanda zilipokaribia Unyamwezi, tajiri aweza kulia machozi ya damu asimpate mtu, kwa sababu watu walikuwa wanarudi mashambani kwao. Mtumwa gani huyo ambaye bwana wake humngoja avune?

Stanley huyohuyo alimwandika Mirambo, adui yake na adui wa Waarabu wa Tabora, kwamba hapo awali alikuwa mpagazi. Alilisema kwa kumdhalilisha. Mimi nalisoma kwa namna nyingine: mtu aliyeijenga Urambo, akaifunga na kuifungua njia ya Ujiji apendavyo hadi alipokufa mwaka 1884, aliijua njia ile kwa nyayo zake kabla hajaijua kwa bunduki.

Sasa, nisije nikaeleweka vibaya. Utumwa ulikuwepo, na Tabora ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Waliotekwa Manyema na kwingineko walipitishwa hapo, wengine wakiwa wamefungwa, wengine wakibebeshwa pembe hadi pwani. Walikuwepo pia watumwa wa pwani waliopangishwa na mabwana zao kufanya kazi ya kubeba, wakagawana nao malipo. Mpaka kati ya hali hizi mara nyingine ulikuwa mwembamba. Sidi Mubarak Bombay, aliyetembea na Burton, Speke, Stanley na Cameron, alitekwa akiwa mtoto Uyaoni, akapelekwa India, akarudi Afrika huru akiwa na jina la mji wa huko. Katika maisha yake mtu mmoja alikuwa mtumwa, kisha kiongozi wa wabebaji wa mizigo. Lakini hayo yalikuwa mambo mawili, na yeye mwenyewe bila shaka aliijua siku la kwanza lilipokwisha. Malenga anayemwita kila mbeba mzigo mtumwa anadhani amewatetea watumwa. Ukweli ni kwamba amewachanganya na watu waliokuwa wakidai posho, hata ushahidi wao hausikiki vizuri.

Kosa hili lilitoka wapi? Nadhani limetoka mahali pawili. Pa kwanza ni vitabu vya wamisionari na wapinga utumwa wa Ulaya, ambao kwa nia njema walihitaji picha, na mtu mweusi mwenye pembe begani alikuwa picha tosha. Pa pili, na hapa ndipo panapouma, ni yale yaliyoupata upagazi wenyewe. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kazi iliyolisha familia kwa vizazi ikafa ndani ya miaka michache. Kabla haijazikwa, vita vya 1914 vikaja, na Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji wote wakakamata wanaume vijijini na kuwabebesha risasi na unga kwa nguvu. Tabora ilipotekwa na Wabelgiji Septemba 1916, upagazi ulikuwa tayari si mapatano tena bali msako. Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina lake kwa ajili ya wabebaji wa jeshi la Waingereza, na hao wengi wao hawakuuliza malipo wala posho, wala hawakurudi. Babu zetu waliokumbuka upagazi walikumbuka huo wa mwisho. Jina zuri likafa na kifo kibaya.

Misamiati mingine ya njia ile imefanyiwa hivyohivyo, ingawa kwa mkono mwepesi. Hongo ilikuwa ushuru wa halali, uliolipwa kwa mtemi ili msafara upite nchini mwake na kunywa maji yake. Leo ni rushwa. Mnyapara alikuwa mzee mwenye kuheshimiwa, mkubwa wa kundi la wabebaji. Leo tunamsikia zaidi magerezani. Posho peke yake ndiyo iliyopanda cheo, ikatoka kwenye kibaba cha mtama hadi kwenye viti vya kuzunguka. Na ninyi mnaopenda kueleza jina la Bagamoyo kwa machozi ya watumwa tu, fikirini kidogo kitenzi "bwaga". Ni kitenzi cha mizigo. Anayebwaga ni yule aliyekuwa na kitu begani akakitua kwa hiari yake baada ya kufika. Mimi nalisikia jina lile kwa sikio la mtu aliyetembea miezi mitatu kutoka Unyamwezi, akaiona bahari, akajua kwamba malipo yako karibu.

Kwa nini nayasema haya kwa ukali? Nilipokuwa nikifundisha walimu chuoni, niliwapa wanachuo zoezi la kuandika asili ya majina ya babu zao. Kijana mmoja wa kutoka pande za Uyui aliandika ukurasa mmoja mzuri juu ya babu wa babu yake, aliyefika pwani mara nyingi na kurudi na ng'ombe aliowanunua kwa ujira wake. Neno "mpagazi" halikuwemo. Aliandika "mfanyabiashara". Nilipomwuliza, alisema darasa lingemcheka, wangesema ametoka katika ukoo wa watumwa. Kijana huyo alikuwa anajiandaa kufundisha Kiswahili na historia. Nikajiuliza ni wangapi wamefanya kama yeye kabla yake, na ni mashairi mangapi yamewasaidia kufanya hivyo.

Wajerumani hawakutuachia maneno mengi. Shule ni lao, na hela ni lao pia, kutokana na sarafu yao ya heller. Schnitzer mwenyewe hakuacha neno; aliondoka Tabora, akaelekea ziwani na kisha Kongo, ambako aliuawa Oktoba 1892. Lakini jina lake limeandikwa katika kila kitabu cha historia ya Tabora, na mwanafunzi huambiwa lina asili gani, alizaliwa wapi, alisomea nini. Mamia ya watu waliombebea vitabu vyake na ngozi za ndege wake kutoka Bagamoyo wametajwa kwa neno moja tu la jumla. Basi angalau neno hilo moja tuliache na maana yake.

Sitaki tuanze kuitana akina Mpagazi katika vitambulisho vya taifa. Majina yetu ya mwisho ni ya baba na babu, na utaratibu huo una heshima yake. Ninachotaka ni kidogo kuliko hapo. Malenga anayetaka kusema mtumwa aseme mtumwa. Neno lina silabi tatu na vina vya -mwa havijakauka. Akihitaji silabi ya nne kuna "mtumwaye", au abadilishe mshororo, ndiyo kazi aliyojichagulia. Anayesema mpagazi ampe mzigo, ujira, posho, wimbo wa njiani na hasira ya kugoma. Watunzi wa kamusi wanaoandaa matoleo mapya waandike chini ya neno hilo kwamba ni mtu wa kazi ya kulipwa katika misafara, na watenge maana ya pili kwa ajili ya waliokamatwa wakati wa vita. Na walioandika vibao vya kuwaeleza wageni pale Kwihara, Ujiji na Bagamoyo wavisome tena.

Atakayenipinga namkaribisha, kwa nathari au kwa utungo. Nina sharti moja: aniletee kitenzi kingine cha Kiswahili chenye irabu mbili mwishoni, kilichozaa jina la mtu lenye -zi, na jina hilo limtaje mtu aliyetendwa asiyetenda kamwe. Nimevitafuta usiku mwingi, nimepita lea, okoa, tetea, angalia, nunua, kimbia, tembea. Wote ni watendaji, hata mkimbizi, ambaye dunia imemtenda mengi, lakini lugha imemhesabia mbio zake mwenyewe.